Karo ya Mitchel

Khwisero, 6 Aprili 2025

Senge wangu Rosebella,

Mulembe. Mvua ya kwanza ilinyesha Jumatano na mama amepanda maharagwe kando ya nyumba. Kukhu, mama yenu, anakusalimu, uvimbe wa mguu umepungua, sasa anaenda kanisani bila kushikwa mkono. Mama anasema ile shuka uliyomletea Krismasi hajaitandika bado, anaiwekea wageni. Baba yuko.

Usishangae kuandikiwa barua kama watu wa zamani. Hapa nyumbani kuna simu moja, kutwa iko mfukoni mwa baba, na kila ujumbe unaoingia anausoma yeye. Mimi nina mambo ya kukuuliza ambayo sitaki ayaone. Nitaipeleka hii Kakamega kwa ofisi ya vifurushi. Wameniambia itapita Kitale, halafu utaichukua kwa wakala wao hapo Lodwar.

Jambo lenyewe ni hili. Unajua kwa mtihani wa kidato cha nne nilipata B ya kutoa. Tunatakiwa kuchagua kozi kabla mwezi huu haujaisha, na mimi nataka saikolojia kama wewe. Mwalimu wetu wa Kiswahili aliposikia alicheka, akasema hiyo ni kozi ya watoto wenye baba zao wana majumba ya kukodisha. Baba akasema, "Soma chenye Rose alisoma." Mama akanyamaza, na unajua mama hanyamazangi bure.

Kwa hivyo nakuuliza wewe, dada ya baba, kwa sababu ndiwe mtu pekee ninayemjua aliyeisoma hiyo kozi mpaka mwisho. Inalipa? Kwa mwezi unapata ngapi? Na ule mkopo wa serikali uliosomea, umebaki ngapi? Nisamehe kumuuliza mtu mzima mshahara wake. Nikikosea kuchagua, hakuna wa kunilipia mara ya pili.

Mimi mtoto wako,
Mitchel

•

Lodwar, 27 Aprili 2025

Mitchel mwanangu,

Barua yako nimeipata ikiwa na vumbi la Kitale na la Turkana pamoja. Nimefurahi mpaka jirani akaniuliza nimepata nini. Huku hakuna mvua. Tunalala nje na mbuzi wa watu wanatupita kichwani. Nina afya, namshukuru Mungu, ila ngozi imekuwa nyeusi utadhani mtu mwingine. Mwambie Kukhu apake mguu mafuta lakini asiache dawa za hospitali.

Pongezi tena kwa hiyo B. Wasichana wangapi wa kata yetu waliipata?

Kuhusu saikolojia, nikuambie ni kazi nzuri. Kuna mama mmoja aliletwa kwetu akiwa hajasema neno tangu wavamizi wachukue mifugo yao na kumuua mume wake. Nilikaa naye siku nyingi bila kumuuliza chochote, tukichambua mboga. Siku moja akasema, "Hii mboga ina mchanga." Nilienda chooni nikalia. Kazi kama hiyo huwezi kuipimia mshahara, Mitchel. Ukiwa na moyo wa kusikiliza watu, utafika. Mkopo nao unalipwa pole pole, hata wakubwa wanadaiwa.

Lakini nina swali pia. Umeniandikia juu ya maharagwe, mguu na shuka. Kumhusu kaka yangu Cleophas umeandika, "Baba yuko." Yuko vipi?

Senge wako,
Rosebella

•

Khwisero, 18 Mei 2025

Senge,

Salamu nyingi. Maharagwe yameshika vizuri. Kukhu anapaka mafuta. Ng'ombe wa mama alizaa ndama dume, kwa hivyo furaha ilikuwa nusu.

Asante kwa barua, lakini umenijibu kama mhubiri. Nilikuuliza ngapi, ukaniambia moyo. Siku ya kuchagua ilifika kabla barua yako haijafika, nikaweka saikolojia ya kwanza, Kakamega, ili nisilipe nyumba mbali. Sasa tunangojea.

Umeuliza baba yuko vipi. Senge, sijui niseme nini. Miwa aliyopeleka kiwandani mwaka juzi hajalipwa. Ile iliyobaki shambani imekauka, hakuna lori la kuja kuichukua. Zamani alikuwa anagombana na watu wa kiwanda, anaenda mikutano, anarudi amekasirika. Siku hizi haendi. Anaketi kwa ukingo wa shamba la chini akiangalia upande wa barabara. Mama akimwekea obusuma na mboga anamega mara mbili, anasukuma sahani. Ukimuuliza anasema amechoka. Amechoka na nini, na hafanyi kazi?

Halafu kuna simu. Watu wa mkopo wanampigia kwa sababu yeye ndiye mdhamini wako. Anatoka nje kuzipokea. Nilimsikia mara moja akisema, "Nitamwambia, nitamwambia," kwa sauti ya mtoto aliyeshikwa na mwalimu. Sijui kama amekuambia.

Sasa naomba unijibu kwa hesabu.

Mitchel

•

Lodwar, 14 Juni 2025

Mitchel,

Nawasalimu wote. Barua hii nimeianza mara tatu. Hajaniambia. Kila nikimpigia ananiuliza hali ya hewa.

Hesabu ni hii. Nilikopa chini ya laki mbili kwa miaka minne. Sasa, na riba na faini za miezi niliyokosa kulipa, wanadai zaidi ya laki tatu. Nilipomaliza, mwaka mzima nilijitolea Kakamega mjini nikishauri vijana, nikipewa nauli tu. Kisha nikapata mradi wa huku, elfu thelathini na nane kwa mwezi, nikaona nimefika. Mradi ulikuwa wa wafadhili. Mwezi wa pili mwaka huu wafadhili waliondoka. Tuliitwa asubuhi tukaambiwa turudishe vitambulisho na funguo za kabati. Yule mama wa mboga nilimwacha hapo. Sikupata hata siku ya kumuaga.

Sasa nauza mabati na misumari kwa duka la vifaa vya ujenzi. Elfu kumi na mbili. Nikitoa nyumba, maji na chakula, ya mkopo haibaki.

Utaniuliza mbona nisifungue ofisi yangu ya ushauri. Ili nipewe leseni nahitaji shahada ya pili, na hiyo ni mkopo mwingine juu ya huu. Na watu wetu wana desturi ya kulipia dawa. Nani atalipa ili asikilizwe?

Upande wa pili wa hesabu ni baba yako. Baba yetu alipokufa nilikuwa kidato cha tatu. Cleophas ndiye alikodisha shamba la juu ili niingie chuo. Ndiye alitia sahihi ya udhamini, akafurahi, akanunulia watu soda. Unajua hayo. Shamba la juu halijarudi mpaka leo.

Wewe bado una nafasi ya kubadilisha kozi wakikupa muda. Fikiria uuguzi. Na kwa sasa nisaidie kwa jambo moja, niandikie kila kitu baba anachofanya, hata kidogo. Asipolala, niandikie. Akifurahi ghafla, niandikie pia.

Rosebella

•

Khwisero, 13 Julai 2025

Senge, Senge, Senge!

Nimeitwa! Saikolojia, chuo cha hapa Kakamega! Kukhu alipiga vigelegele mpaka majirani wakafikiri kuna harusi. Mama alichinja ingokho, yule jogoo mkorofi.

Ulisema nikuandikie baba akifurahi. Basi furahi nawe, kwa maana baba amekuwa baba tena! Tangu wiki ya jina langu kutoka ametulia, anakula, anaongea na watu. Na ameshapata karo. Amekodisha shamba la chini kwa Erastus, yule jirani wa trekta, miaka minne, na Erastus amelipa zote mara moja. Nilimuuliza, baba, na wewe utalima wapi, hilo ndilo la mwisho? Akasema, "Usiwe na wasiwasi na mimi." Pesa amempa mama aweke, karo ya miaka yangu yote minne. Alimwambia mbele yangu, "Quinter, hizi usiguse hata nikikuomba mwenyewe."

Amenyoosha kila kitu. Alimlipa fundi wa viatu, akalipa deni la kanisa. Baiskeli amempa mtoto wa shemeji yake. Alienda mpaka Chekalini kwa binamu zenu, wale waligombana naye juu ya mipaka, akakaa siku mbili, wakapatana. Juzi alimketisha mama akamwonyesha cheti cha shamba kiko wapi, cheti cha ndoa kiko wapi, na nambari ya mtu wa chama cha akiba. Mama alicheka, akamwambia, "Unanifundishanga kama naenda kufanya mtihani."

Na wewe amekusamehe ule mkopo! Alisema, "Rose asisumbuliwe, deni likikosa mdhamini litatulia." Sikuelewa lakini nilifurahi.

Hesabu yako niliisoma. Iliniogopesha, sitadanganya. Lakini mimi sitakuwa na mkopo, Senge. Baba amelipa.

Mitchel, mwanafunzi wa chuo kikuu!

•

Kitale, 24 Julai 2025

Mitchel,

Naandika nikingoja gari lijae. Hii nitakupa mkononi nikifika, kwa sababu pale nyumbani hatutapata mahali pa kuongea asipotusikia. Isome peke yako.

Barua yako ilifika jana. Nilimpigia baba hapo hapo. Alicheka, akasema, "Mimi niko sawa, Rose, unaniogopea nini?" Akaniuliza hali ya hewa, akakata. Nilipopiga tena simu ilikuwa imezimwa. Nimempigia mama mchungaji, nikamwomba apite kwenu jioni na asubuhi kwa kisingizio chochote. Duka nimeliacha bila ruhusa.

Mwanangu, sitaki kukutisha lakini sina njia ya kulisema taratibu. Mtu aliyekuwa amevunjika moyo miezi mingi, akatulia ghafla, akalipa madeni madogo, akapatana na maadui, akagawa vitu vyake na kuonyesha vyeti viko wapi, mara nyingi huyo ameamua kufa. Utulivu wake ni wa mtu aliyemaliza safari. Naomba Mungu niwe nimekosea, na nikikosea nitaomba msamaha.

Fanya haya. Dawa zote za shamba, za ng'ombe na za panya zitoke boma leo, ziende kwa mama mchungaji. Kamba za ng'ombe pia. Asibaki peke yake, hata akikasirika. Na kuna swali moja lazima aulizwe, kwa maneno wazi: kama anafikiria kujiua. Usiogope kwamba utampa wazo. Wazo analo, au hana. Nikimuuliza mimi atanikwepa, anajua nimesomea hayo. Wewe akikuangalia machoni atashindwa kudanganya.

Ukishindwa, si kosa lako. Niambie, nitauliza mimi.

Siku ya kliniki ya akili hospitali ya mjini ni Jumanne. Tutaenda hata kama ni kumbeba.

Senge

•

Khwisero, 7 Septemba 2025

Senge,

Mulembe kwako popote ulipo. Umeenda bila kusema unaenda wapi. Naipeleka kwa rafiki yako wa Kakamega mjini, aliyesema anajua pa kukupata. Kukhu analia kila akitaja jina lako. Mama anasema uliacha kitambaa chako kwa kamba ya nguo, amekifua na kukikunja.

Kuna jambo hukuniuliza tena, nami sikukuambia. Ulipofika ile jioni ukanipa barua, niliisomea kwa zizi. Asubuhi yake ulipoenda kwa mchungaji, nilimfuata baba shamba la chini. Alikuwa ameketi pale pale. Trekta ya Erastus ilikuwa imeanza kung'oa miwa mikavu upande wa barabara.

Nilisema, "Baba, unafikiria kujiua?"

Hakushtuka. Hicho ndicho kitu kiliniumiza. Alisema, "Karo yako iko. Mama yako anajua mahali iko."

"Sikuuliza karo, baba."

Alingoja trekta igeuke, ipunguze kelele. Akasema, "Mimi nimechoka, Mitchel. Nimechoka mpaka kwa mifupa. Nilikuwa nangoja tu ufungue shule." Kisha akaniuliza kama nimekunywa chai. Nilimshika mkono wa shati na sikuachilia mpaka nikakuona unakuja. Alikuwa ananivumilia tu, kama mtu ameshikwa na mtoto kanisani.

Yaliyofuata unayajua. Kliniki, yule nesi Cherop aliyeongea naye taratibu bila kuandika andika, vidonge. Na yule mzee wa kanisa aliyetukuta kwa foleni akajifanya hakutuona, halafu Jumapili kila mtu alikuwa amesikia. Sijasahau baba alivyosema siku ile mbele yetu sote, nyama ikiwa mezani: "Nilikodisha shamba la baba yangu nikusomeshe, Rose, ili uje unipeleke kwa wendawazimu." Uliinama ukamaliza chakula chako. Kesho yake ukaenda.

Nataka ujue kwamba vidonge anameza. Mama anampa na anafungua mdomo kuonyesha. Usiku analala. Lakini jina lako halitaji, na mimi ananijibu ndiyo na hapana. Watoto wa jirani walipita wakiimba kitu barabarani na alisikia. Hakufanya chochote.

Chuo kilifunguliwa wiki jana. Sijaenda. Wamesema nina muda kidogo. Mama ananiuliza kila asubuhi na namwambia kesho.

Umesomea haya mambo. Niambie, nikienda, nitakuwa nafanya nini?

Mitchel

•

Nairobi, 5 Oktoba 2025

Mitchel mwanangu,

Nisamehe kuondoka vile. Mpe Kukhu salamu na umwambie nimeshiba na ninalala kwa kitanda. Hayo mawili ni kweli.

Duka la Lodwar walikuwa wamempa mtu mwingine kazi yangu. Niko hosteli ya wakala wa kazi za nje, tunafunzwa kupiga pasi na kutumia mashine za kuosha. Tukimaliza tunapelekwa Ghuba, kwa Waarabu, miaka miwili, kazi ya nyumba. Mshahara ni zaidi ya mara mbili ya ule wa duka, na hakuna nyumba ya kulipa. Nimepiga hesabu, nikivumilia miaka miwili mkopo utapungua mpaka watu wa simu wamwache kaka yangu.

Siku ya kujiandikisha nilileta karatasi zangu zote za chuo. Mama wa ofisi aliziangalia akanirudishia. Akasema, "Andika kidato cha nne. Wenye digrii hawachukuliwi, wanasema wanabishana." Nikaandika kidato cha nne.

Tuko kumi na wanne kwa chumba. Kuna msichana wa Chekalini anaitwa Tracy, ameacha mtoto wa miezi minane, kutwa analia na maziwa yanamtoka. Nilianza kukaa naye. Kisha mwingine akaja, na mwingine. Yule mama wa ofisi akatukuta, akasema hapa hataki mikutano, mtu akilia atachelewesha safari ya wote. Sasa tunaongea tukifua.

Umeniuliza ukienda utakuwa unafanya nini. Mwezi wa nne uliniuliza kama inalipa, nikakuzungusha, kwa hivyo leo sitazunguka. Hailipi. Ukimaliza utakuwa umetumia miaka minne na shamba, na utakuta mlangoni watu wengi kama mimi wakitafuta mlango ule ule. Hata kama huna mkopo, hailipi. Ungekuwa unauziwa kitu dukani ningekuambia usikinunue.

Na pia ni kweli kwamba nisingesoma ile kozi ningesoma barua yako ya Julai nikapiga vigelegele pamoja na Kukhu. Ningetuma pesa za soda. Hilo nimelifikiria sana nikipiga pasi mashuka ya watu. Sijui nifanye nalo nini. Halinipunguzii deni, halikumfanya baba yako anipende, na bado ningefanya vile vile.

Uamuzi ni wako. Usiufanye kwa ajili ya kunipendeza. Zile pesa ukiziona unafikiria nini? Jibu swali hilo kwanza, kabla ya kozi.

Tunaruka katikati ya Novemba, tarehe kamili hawatuambii. Simu watazikusanya. Ukiandika, andika haraka.

Senge wako,
Rosebella

•

Khwisero, 9 Novemba 2025

Senge,

Sijui kama hii itakukuta. Naituma na basi la usiku na nimemwomba dereva aipeleke hosteli mwenyewe.

Sisi tuko. Ndama dume tumeuza. Kukhu hawezi tena kufika kanisani, wanamletea sakramenti nyumbani.

Nilijibu swali lako. Nikiziona zile pesa naona baba akimwambia mama asiziguse. Kila muhula ningelipa karo ningekuwa nahesabu kitu alichokuwa ameniachia akiaga. Mwingine labda angeweza kusoma hivyo. Mimi sikuweza. Nilimwambia mama, tukalia, halafu tukazitoa zote pale alipokuwa ameziweka, tukaenda kwa Erastus kuomba shamba. Alikataa mara ya kwanza. Mara ya pili alikubali kwa sharti tumlipe gharama ya trekta na mbegu, kwa hivyo pesa za ndama zilienda huko. Chuo nimewaandikia kwamba nafasi sichukui. Nilipotoka kwa duka la kompyuta nilikaa chini ya ukuta wa benki mpaka askari akaniuliza kama naumwa.

Kazi nimepata, ni kwa duka la fotokopi hapa Khwisero. Ni ya kusimama kutwa. Mara nyingine naleta nyumbani karatasi za wanafunzi wa chuo zilizoharibika nazisoma. Kozi ya uuguzi nitaomba mwakani, pengine.

Baba tulimwambia wiki mbili zilizopita. Nilifikiri atafurahi kwamba shamba limerudi. Senge, alipiga kelele! Alisimama akapiga meza, akasema sisi ni nani wa kuvunja alichojenga, akasema, "Mmeninyang'anya kitu kimoja nilichowahi kumaliza!" Mama alijificha nyuma yangu. Alipiga kelele mpaka sauti ikakauka, kisha akaketi akalia mbele yetu, kwa sauti, kama mwanamke aliyefiwa. Sijawahi kumuona hivyo. Hakula siku hiyo wala kesho yake. Nilimpigia nesi Cherop kwa simu ya mwajiri wangu. Akasema tukae karibu naye na tusimnyamazishe.

Siku ya tatu alitoka na jembe. Nilimfuata kwa mbali. Alilima mstari mmoja, mfupi, akarudi akalala. Siku nyingine hatoki kabisa. Siku nyingine anafika pale anasimama tu. Jumanne iliyopita tulipoamka hakuwepo, na mama alikimbia kila mahali akiita, mimi nikaenda mtoni, sitakuambia nilifikiria nini njiani. Alirudi saa nane na karatasi ya dawa mkononi. Alikuwa ameenda kliniki peke yake. Viatu vilikuwa na matope mpaka juu, kumbe alitembea mpaka barabara kuu kwa sababu hakutaka mtu wa boda ajue anaenda wapi.

Jana jioni tulikuwa tunakula, mama, Kukhu, yeye na mimi. Bila mtu kumtaja, akauliza, "Hiyo nchi Rose anaenda, kuna joto?"

Nikasema, "Liko sana, baba. Kushinda Lodwar."

Akamega obusuma, akatafuna. Akasema, "Ukimwandikia, mwambie."

Nikangoja. Mama naye aliacha kula. Kukhu, ambaye hasikii vizuri, alituangalia mmoja mmoja. Baba akachovya mboga, akaendelea kula mpaka sahani ikaisha, akanawa mikono, akaenda kulala.

Sijui alitaka nikuambie nini. Nimekuandikia vile alivyosema.

Mtoto wako,
Mitchel